John Smeaton: fundi aliyefunga mnara kwenye mwamba wa bahari

Wiki kadhaa zilizopita, baada ya kipindi chetu cha ufundi, ujumbe mmoja ulitufanya tukae mezani muda mrefu kuliko kawaida. Msikilizaji mmoja, fundi wa magari anayefanyia kazi nyumbani kwake, alikuwa amenunua lifti ya kunyanyulia magari iliyokwisha kutumika. Ni ile ya nguzo mbili, ambayo gari hubaki juu na fundi akasimama chini yake. Alikuwa na bolti za kufungia nguzo sakafuni, alikuwa amekwisha kuazima drili, na alitaka tumwambie jambo moja tu: atoboe matundu ya kina gani?

Swali ni zuri, lakini lilitutia wasiwasi. Gari dogo la abiria lina uzito wa tani moja na zaidi, na kichwa cha mtu kiko chini yake. Tukamuuliza sakafu yake ina unene gani. Akasema hajui, aliikuta hivyo hivyo. Hapo ndipo tulipoamua kuandika habari za mtu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, Mwingereza aitwaye John Smeaton. Smeaton hakuwahi kuona gari. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kupambana na swali lile lile: kitu kirefu na kizito kinafungwaje chini kisin'goke, na hicho cha chini chenyewe kinashikwa na nini?

Smeaton alizaliwa tarehe 8 Juni 1724 katika kijiji cha Austhorpe, karibu na mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kama wazazi wengi wenye ofisi zao, alitaka mtoto airithi. Mtoto mwenyewe alikuwa na mambo mengine. Tangu mdogo alipenda vyombo vya kazi kuliko vya kuchezea. Aliwafuata mafundi waliokuwa wakifanya kazi karibu na kwao, akawauliza maswali, kisha akarudi nyumbani kutengeneza kwa mikono yake alichokiona. Alipofika ujana alikuwa na karakana yake hapo nyumbani, anachonga mbao, anafua chuma na kuyeyusha madini.

Mwaka 1742 baba alimpeleka London akasomee sheria. Alikwenda, kwa maana hakuwa mtoto wa kubishana, lakini moyo haukuwepo. Baada ya muda alimwandikia baba yake kumweleza kwamba hawezi kazi ile, na baba, kwa sifa yake, alimwachia njia. Kijana akaanza kutengeneza vyombo vya vipimo: dira za mabaharia, pampu za hewa na mashine ndogo za majaribio. Mwaka 1753, akiwa hajafikisha miaka 30, alikubaliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Miaka miwili baadaye alisafiri Uholanzi na nchi jirani kuangalia mifereji na bandari zao.

Sasa twende baharini, maana huko ndiko jina lake lilikotengenezwa.

Kusini magharibi mwa Uingereza kuna bandari ya Plymouth. Kama kilomita 20 hivi kutoka hapo, katikati ya maji, kuna miamba iitwayo Eddystone. Maji yakijaa, miamba karibu yote huzama. Meli nyingi zilivunjikia pale, na mabaharia wake hawakurudi. Walio na ndugu wavuvi wanajua uchungu wa mwamba usioonekana usiku. Ilibidi pajengwe mnara wa taa, lakini utajenga vipi juu ya jiwe linalomezwa na bahari kila siku?

Wa kwanza kujaribu alikuwa Henry Winstanley. Alianza mwaka 1696, na msimu wake wote wa kwanza wa kiangazi uliisha kwa kazi moja tu: kutoboa matundu 12 katika mwamba na kukaza ndani yake vyuma 12 vikubwa vya kushikia jengo. Msimu mzima, matundu 12! Mwamba ule ni mgumu kupita kiasi, drili za umeme hazikuwepo, na saa za kufanya kazi kwa siku zilikuwa chache kwa sababu ya maji. Katikati ya ujenzi alitekwa na Wafaransa, waliokuwa vitani na Uingereza, lakini mfalme wao akaamuru aachiliwe. Taa yake iliwashwa mwaka 1698. Winstanley aliuamini mno mnara wake, hata alitamani awemo ndani siku ya dhoruba kubwa kuliko zote. Matakwa yake yalitimia. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Novemba 1703, dhoruba ambayo Uingereza inaikumbuka mpaka leo ilipiga, naye alikuwa humo. Asubuhi hapakuwa na mnara wala Winstanley. Kilichobaki juu ya mwamba ni baadhi ya vile vyuma, vikiwa bado vimeng'ang'ania kwenye matundu yake.

Msomaji aliye fundi atatuelewa tukisema tuisome habari hiyo mara mbili. Vyuma vilishika, jengo lililofungwa navyo ndilo lililoachia.

Wa pili alikuwa John Rudyerd, mfanyabiashara wa hariri wa London. Yeye alijenga mnara mwembamba wa mbao, mviringo, wenye umbo laini ili mawimbi yapite bila kupata pa kushika. Ndani, sehemu ya chini, aliweka matabaka ya mawe ili kuongeza uzito. Na kwa kuufunga kwenye mwamba alitumia akili ambayo sisi tunaiona ni ya ajabu kwa wakati ule. Matundu yake aliyachimba yawe mapana chini kuliko mdomoni. Akaingiza vyuma, akavipanua kwa kabari ndani ya tundu, kisha akajaza nafasi iliyobaki kwa madini ya bati yaliyoyeyushwa. Chuma kikishapanuka ndani ya tundu lenye mdomo mwembamba hakitoki tena. Zile bolti za kutanuka ambazo leo tunazinunua dukani, ambazo ukikaza nati zinajibana ndani ya zege, zinafanya kazi kwa mawazo hayo hayo.

Mnara wa Rudyerd ulisimama zaidi ya miaka 40. Haukuangushwa na maji, bali na moto. Tarehe 2 Desemba 1755 sehemu ya juu yenye taa ilishika moto, na mbao zikaungua kuelekea chini mpaka zikaisha. Mlinzi mmoja, Henry Hall, mzee wa miaka 94, alipokuwa akirusha maji juu kuzima moto, risasi ya paa ilimyeyukia na nyingine ikampenya kooni. Hakuna daktari aliyemwamini mpaka alipofariki siku chache baadaye na kipande cha risasi kikatolewa tumboni mwake. Kipande hicho kimehifadhiwa katika makumbusho huko Scotland.

Wenye haki ya kuendesha taa ile wakaomba Royal Society iwatajie mtu wa kujenga wa tatu. Jina lililotajwa ni la Smeaton. Alikuwa na miaka 31 na hakuwa amejenga jengo lolote kubwa.

Smeaton alisoma kwanza habari za waliomtangulia. Watu wengi walimshauri ajenge tena kwa mbao, kwa kuwa mbao hupinda kidogo na kuachia wimbi lipite. Yeye akasema ni jiwe tu, na sababu yake ilikuwa uzito. Mnara mzito unajikandamiza wenyewe kwenye mwamba, hauhitaji kushikiliwa na vyuma pekee. Umbo alilichukua kwa mti wa mwaloni, mti mkubwa wa kwao: mpana shinani, unapungua kwa mkunjo unapopanda. Ukitaka mfano wa huku kwetu, fikiria shina la mvule, jinsi linavyotanuka linapoingia ardhini.

Lakini uzito peke yake haukutosha. Mwamba wa Eddystone una mteremko, na jiwe ukiliweka juu ya mteremko huteleza. Kuanzia Agosti 1756 mafundi wake walikwenda kuukata kwa tindo na sululu, wakautengeneza ngazi 6, na katika kila ngazi wakachonga nafasi za umbo la mkia wa njiwa, nyembamba mbele na pana nyuma. Wapasua mbao na maseremala wanakijua kiungo hicho, ndicho kinachoshika droo ya kabati isifunguke pembeni. Smeaton alikifanya kwa mawe ya tani moja na zaidi. Mawe ya tabaka la kwanza yaliingia ndani ya mwamba kama meno ndani ya ufizi, na kila jiwe likashikana na jirani zake kwa namna hiyo hiyo. Huwezi kulitoa moja bila kuyainua yote.

Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 12 Juni 1757. Mawe yote yalichongwa nchi kavu, yakapangwa huko kwanza kuhakikisha yanakubaliana, ndipo yakapakiwa kwenye mashua. Mwambani hapakuwa mahali pa kujaribu. Nje alitumia jiwe gumu la matale na ndani jiwe la Portland, ambalo ni rahisi zaidi kuchonga.

Tatizo lilikuwa hili. Jiwe jipya, udongo wake wa kujengea ukiwa bado mbichi, wimbi linaweza kuja usiku na kulibeba. Kwa hiyo kila jiwe lilitobolewa matundu, na mambo za mti wa mwaloni zikapigwa kupitia humo mpaka kwenye jiwe la chini yake. Mwisho wa chini wa kila mambo ulipasuliwa na kutiwa kabari ndogo. Ukiipiga mambo kwa nyundo, kabari hugota chini ya tundu, inazama ndani ya mti, na mti unatanuka na kubana kuta za tundu. Kati ya tabaka na tabaka aliweka pia vipande vya marumaru, nusu ndani ya jiwe la chini na nusu ndani ya la juu, ili tabaka zima lisiteleze kando.

Kabla ya yote hayo alikuwa amefanya jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko mnara wenyewe. Mwaka 1756, akiwa Plymouth akisubiri, alianza kutafuta chokaa itakayokauka ndani ya maji. Wenzetu wa pwani wanaoijua chokaa ya matumbawe wanafahamu kwamba chokaa safi hukauka polepole kwa kupata hewa, na ukiitumbukiza majini mapema inabomoka. Smeaton alikusanya chokaa za sehemu mbalimbali, akazikanda na kuzifanya vidonge vya mviringo vya kipenyo cha sentimita 5 hivi, akaviacha vishikane, kisha akavitia ndani ya maji na kutazama. Vingine viliyeyuka kama sukari. Vingine vilizidi kuwa vigumu.

Mafundi wa zamani walikuwa wakiamini kwamba jiwe gumu hutoa chokaa kali na jiwe laini hutoa chokaa dhaifu. Smeaton aliyeyusha vipande vya mawe ya chokaa ndani ya asidi, akaangalia kinachobaki. Yale mawe yaliyotoa chokaa nzuri ya majini yaliacha udongo wa mfinyanzi, na yale mengine hayakuacha kitu. Ugumu wa jiwe haukuhusika hata kidogo, siri ilikuwa ule udongo uliochanganyika na jiwe. Alichagua chokaa ya Aberthaw, huko Wales, akaichanganya nusu kwa nusu na majivu ya volkano kutoka Italia, ambayo mfanyabiashara mmoja wa Plymouth alikuwa ameyaagiza kwa kazi nyingine na yakamlalia stoo.

Kutokana na uvumbuzi huo, watu wa baadaye walianza kuchanganya wenyewe chokaa na udongo na kuvichoma pamoja. Mwaka 1824 mwashi wa mji ule ule wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya uvumbuzi wa unga alioupa jina la simenti ya Portland, kwa kuwa aliona ikikauka inafanana na lile jiwe la Portland. Neno hilo bado limeandikwa kwenye mifuko ya simenti madukani kwetu. Ukiuliza Portland ni nini wengi hudhani ni jina la kampuni.

Kazi ya mwambani ilikuwa ya shida. Mafundi walikwenda kwa makundi mawili, kwa zamu, wakalala kwenye meli iliyotiwa nanga jirani. Siku nyingine walipata saa chache tu za kufanya kazi, na siku nyingine bahari iliwakatalia kabisa. Mabaharia na mafundi walipewa nishani ya kuonyesha, wasije wakakamatwa na kupelekwa kwa nguvu kwenye jeshi la majini, maana hivyo ndivyo jeshi lilivyokuwa likijipatia watu. Smeaton mwenyewe hakukaa ofisini. Palipokuwa na hatari alitangulia yeye. Mara moja aliteleza ukingoni akaangukia kwenye mawe, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikateguka. Hapakuwa na mganga, akakishika mwenyewe, akakivuta mpaka kikarudi mahali pake, akaendelea na kazi. Na dhoruba zilipovuma akiwa nchi kavu, alipanda kwenye kilima cha Plymouth na darubini yake kutazama kama mnara bado upo.

Taa iliwashwa tarehe 16 Oktoba 1759: mishumaa 24. Mnara ulikuwa na urefu wa mita 22 hivi, na mawe yake, karibu 1,500, yalikuwa na uzito wa tani kama 1,000. Dhoruba kubwa ya mwanzoni mwa mwaka 1762 ilipopita na mnara ukabaki, waliokuwa wakimcheka walinyamaza.

Mwaka ule ule wa 1759 Royal Society ilimpa nishani yake kubwa kwa utafiti wa magurudumu ya maji na ya upepo. Kwa kutumia mfano mdogo alioujenga mezani, alionyesha kwamba gurudumu linalopokea maji kutoka juu hutoa nguvu takriban mara mbili ya lile linalosukumwa na maji kwa chini. Waliowahi kuona mashine ya kusaga ya maji vijijini wanajua kwa nini mfereji huletwa juu ya gurudumu. Kuanzia hapo hakukosa kazi. Alijenga daraja la Perth huko Scotland, akaanza mfereji unaounganisha mito ya Forth na Clyde, akashughulikia bandari, vinu na injini za mvuke za kuvuta maji migodini. Ndiye aliyeanza kujiita mhandisi wa kiraia, kwa kuwa wakati ule neno mhandisi lilimaanisha mtu wa jeshi, na mwaka 1771 yeye na wenzake walianzisha chama chao cha kwanza.

Katika sifa zote hizo kuna daraja moja ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Sisi hatutalipita. Ni daraja la Hexham, juu ya mto Tyne, lenye matao 9, lililokamilika mwaka 1780. Mto ule una mwendo wa kasi, na kitanda chake ni cha kokoto. Smeaton aliamini kokoto zile zitabeba nguzo. Tarehe 10 Machi 1782 mto ulijaa ghafla, maji yakachimbua kokoto chini ya nguzo, na daraja likaanguka siku hiyo hiyo. Mawe yalichongwa vizuri, chokaa ilikuwa nzuri, matao hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni cha kusimamia. Lilimuumiza sana. Alikuwa mtu wa miaka 57, mhandisi mwenye jina kuliko wote nchini, na alishindwa na kile alichokuwa amekishinda Eddystone.

Miaka ya mwisho aliimalizia kwa kuandika. Kitabu chake kuhusu mnara wa Eddystone kilitoka mwaka 1791, na ni humo alimoeleza jiwe kwa jiwe yote tuliyoyasimulia, pamoja na makosa na hofu zake. Alikiona kuandika ni kazi ngumu kuliko kujenga, jambo ambalo sisi wa redio tunalikubali. Septemba 1792 alipatwa na kiharusi akiwa matembezini katika bustani ya nyumbani kwake, na tarehe 28 Oktoba akafariki, Austhorpe pale pale alipozaliwa. Mke wake, Ann, alikuwa amemtangulia. Aliacha mabinti wawili.

Mnara uliendelea kuwaka. Kuanzia mwaka 1860 picha yake iliwekwa hata kwenye sarafu ya peni ya Uingereza. Kisha, katika miaka ya 1870, walinzi walianza kulalamika kwamba wimbi kubwa likipiga mnara unatikisika. Wahandisi walipokwenda kukagua walikuta mawe ya Smeaton yako imara, viungo vyake havijafunguka. Ni mwamba. Kwa zaidi ya miaka 100 bahari ilikuwa imeula mwamba wenyewe kwa chini, na kufanya pango. Mnara ulikuwa umefungwa vizuri kwenye kitu kilichokuwa kikimalizika.

Basi ndugu yetu mwenye lifti, na wengine wenye mpango kama wake, tuliyaweka maswali yenu kwa mafundi wa ujenzi tunaowaamini, na majibu ni haya. Kabla ya kuuliza kina cha tundu, jua unene wa sakafu. Toboa kitundu kidogo pembeni mpaka kifike kwenye udongo, upime kwa waya uliokunjwa ncha ili ushike chini ya zege. Vitabu vya lifti nyingi za nguzo mbili hutaka zege lisilopungua inchi 4, yaani sentimita 10, na nyingine hutaka zaidi, zege la daraja lenye nguvu ya takriban MPa 21 kwenda juu, lililokaa siku 28 tangu kumwagwa. Kitabu cha lifti yako ndicho cha kufuata. Kama lifti imekuja bila kitabu, kitafute kwa jina na namba iliyo kwenye kibao cha nguzo kabla ya kutoboa chochote. Sakafu nyingi za nyumbani ni jamvi jembamba lililomwagwa juu ya kifusi, na plasta laini juu yake inayofanya lionekane nene. Plasta haihesabiwi, wala vigae.

Usifunge nguzo karibu na ufa, ukingo au kiungo cha jamvi, kwa sababu bolti inapotanuka inasukuma zege kwa pembeni, na zege lisilo na mwenzake wa kuegemea hupasuka. Tundu lipigwe wima kwa ncha ya kipenyo kile kile cha bolti, na vumbi litolewe lote kwa brashi na pampu. Vumbi likibaki, bolti inabana vumbi badala ya zege. Nati ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa, na irudiwe baada ya siku chache na kila baada ya muda. Bolti ikizunguka bila kukaza, au ikipanda juu, isiachwe kwa matumaini kwamba nyingine zitabeba. Na bolti zilizotolewa kwenye sakafu ya zamani zisitumike tena. Tunajua bei ya mpya, lakini tumesema.

Sakafu ikiwa nyembamba dawa si bolti ndefu zaidi. Dawa ni kukata jamvi pale nguzo zitakaposimama, kuchimba, kushindilia, kusuka nondo na kumwaga zege nene jipya kwa vipimo vya mwenye lifti au vya mhandisi, kisha kusubiri.

Huko Eddystone mnara mpya ulijengwa kwenye mwamba wa jirani ulio mzima, ukawashwa mwaka 1882. Watu wa Plymouth hawakukubali wa Smeaton upotee. Walichangishana, sehemu ya juu ikafunguliwa jiwe baada ya jiwe na kusimamishwa tena kwenye kilima kile alichokuwa akipanda na darubini, na mpaka leo wageni hupanda ngazi zake. Sehemu ya chini, ile iliyochongewa ndani ya mwamba, iliachwa. Inaelezwa kwamba ilikuwa imeshikana kupita kiasi cha kuvunjwa. Bado ipo, kisiki kifupi kando ya mnara mpya, na mawimbi yanaipiga.

Msikilizaji wetu alitupigia juzi. Alitoboa kitundu pembeni akapima: sentimita 6, pamoja na plasta. Lifti ameilaza ukutani na kuifunika turubai, amekwisha kata jamvi, na zege jipya limemwagwa Jumamosi. Anahesabu siku.